Chakula cha jioni gadenini: Mume anapokula nje, mke na watoto wabaki na nani?

 

Ndugu msomaji, kila inapokaribia Idd, swali moja hurudi katika darsa zetu hapa Mbeya. Wazee hawaliulizi. Linaulizwa na vijana wenye ndoa changa, na zaidi akina mama, tena kwa kikaratasi kinachopitishwa kutoka nyuma ya pazia: Je, inafaa Muislamu kuichukua familia yake kwenda kula chakula cha jioni katika zile gadeni zenye mabembea ya watoto, ilhali humo humo inauzwa bia na kitimoto? Mwaka huu kikaratasi kimoja kiliongeza maneno yaliyonifanya niahirishe jibu. Dada huyo ameandika kwamba ana miaka tisa ndani ya ndoa, ana watoto wanne, na hajapata kukaa meza moja na mumewe nje ya nyumba yao hata siku moja. Kila akiomba hujibiwa kuwa "huko ni kwa makafiri." Lakini, anasema, mume huyo huyo hurudi nyumbani saa tatu usiku akiwa ameshiba.

Niliahidi kulijibu kwa maandishi, maana swali hili ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni la chakula na mahali. La pili ni la ndoa. Na mimi naona tumezoea kulitumia la kwanza kulikimbia la pili.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine, niwaeleze kwanza hali ya huku Nyanda za Juu Kusini. Ndugu zetu wa Unguja jioni huteremka Forodhani, bustani ya pwani iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2009, wakala mishkaki na urojo pamoja na wake zao na watoto wao, na adhana ya Isha ikawakuta hapo hapo. Sikukuu zikifika, watoto wana viwanja vyao vya kufurahishia vya Kariakoo. Watu wa Dar es Salaam wana Kunduchi na Kigamboni, kwenye mabwawa yenye mitelezo ya maji na mgahawa pembeni. Sisemi kwamba huko kila kitu ni safi. Nasema tu kwamba mtu ana pa kuchagua. Huku kwetu, Mbeya na Iringa, Waislamu ni wachache mitaani, na biashara ya starehe za familia imekua juu ya mgongo wa biashara ya pombe. Mtu anafungua baa, anaona wateja wanakuja na watoto, anaweka bembea mbili na jumba la kurukia la upepo, anachimba bwawa dogo, anaandika mlangoni kwamba familia zinakaribishwa. Siku za sikukuu zetu hizo hizo ndipo panapojaa watoto wenye kanzu na hijabu mpya.

Basi tuanze na lile la pili, kwa sababu ndilo linaloumiza.

Katika Sahih Muslim, Anas bin Malik (r.a) amesimulia habari ya jirani wa Mtume (s.a.w), mtu wa Kifursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alipika, akaja kumwalika Mtume. Mtume akamuuliza kama mwaliko ule unamhusu na Bi Aisha. Jirani akasema hapana. Mtume naye akakataa kwenda. Jirani akarudi tena, likaulizwa swali lile lile, likatoka jibu lile lile, na Mtume akakataa tena. Mara ya tatu jirani akakubali, wakanyanyuka wote wawili wakafuatana mpaka nyumbani kwake.

Wanachuoni wameieleza hadithi hii kwa njia zaidi ya moja, na wapo waliosema huenda nyumbani mwa Mtume siku hiyo kulikuwa na njaa. Sawa. Hata kwa maelezo hayo jambo lenyewe limebaki wazi: Mbora wa viumbe aliacha mchuzi mzuri mara mbili kwa sababu mkewe hakualikwa. Hakwenda kwanza akala, kisha akarudi na kipande kilichofungwa kwenye karatasi. Na alipotoka, alitoka na mkewe. Hakuna aliyesema kwamba heshima ya nyumba ile imepungua.

Wala si hadithi hiyo peke yake. Alimsimamia Bi Aisha akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, hakuondoka mpaka yeye mwenyewe aliposhiba kutazama. Alishindana naye mbio safarini. Salman (r.a) alipomkuta Abu Dardaa (r.a) amezama katika kufunga na kusimama usiku mpaka mkewe ameacha kujipamba, alimwambia kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na ahli zake nao wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w) akasema Salman amesema kweli. Abu Dardaa, ndugu zangu, alikuwa anaacha mke kwa ajili ya swala. Sisi tunaacha mke kwa ajili ya kijiwe.

Tusemezane ukweli kuhusu hicho kijiwe. Mwanamme wa mjini asubuhi ana supu na chapati mbili Mwanjelwa au Sokomatola. Mchana ana wali nyama kwa mama ntilie karibu na kazini. Jioni, baada ya Maghrib, kuna kahawa na kashata, na kama siku ilikuwa nzuri kuna mishkaki au chipsi mayai, akiwa na wenzake, wakibishana Simba na Yanga. Simlaumu kwa kula. Mtu akifanya kazi hula. Lakini apige hesabu kwa mwezi. Fedha inayoishia mdomoni mwake peke yake barabarani ingeitoa familia nzima mara mbili, na chenji ikabaki. Halafu huyu ndiye anayesema kwenda kula nje ni israfu na ni tabia ya kikafiri. Chipsi mayai zile zimekuwa za Kiislamu kwa sababu mkewe hayupo?

Na siku ya Idd yenyewe tunaifahamu. Mama ameamka kabla ya Alfajiri, ameosha watoto, amepika pilau, amekaanga, ametengeneza kachumbari, wageni wamekuja kwa makundi, ameosha vyombo mara tano, na inapofika Isha hajala chakula cha moto tangu asubuhi. Watoto wamekula kwa zamu, kila mmoja na sahani yake pembeni. Baba amekula na wageni. Siku ile ile tuliyoamriwa kufurahi, hakuna saa moja ambayo watu wa nyumba ile wamekaa kwenye sinia moja. Katika Surat An-Nur, aya ya 61, Allah (s.w) ameturuhusu kula pamoja au mbalimbali, kwa hiyo hakuna dhambi kula peke yako. Lakini walipomlalamikia Mtume (s.a.w) kwamba wanakula na hawashibi, aliwauliza kama huenda wanakula kila mmoja kivyake, akawaelekeza wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Allah, watabarikiwa. Na Umar bin Abi Salama, mtoto wa kambo wa Mtume, adabu ya kula alifundishwa sinia likiwa mbele yake: ataje jina la Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Alikuwa mdogo, mkono wake ukizunguka sinia zima. Alikumbuka mpaka utu uzima wake, na akasema ulaji wake haukubadilika tangu siku ile. Nani atamfundisha mwanao hayo kama wewe na yeye hamjawahi kukutana kwenye sinia moja?

Kwa hiyo dada aliyeandika kikaratasi ana haki ya kuomba. Jibu la "huko ni kwa makafiri" halitoshi. Mume akisema mahali fulani hapafai, imemlazimu aseme wapi panafaa.

Sasa tuje kwenye chakula na mahali, na hapa nitakuwa mkali kwa upande wa pili.

Siku ya pili ya Idd el Hajj ya mwaka 2024, iliyoangukia mwezi wa Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika kweli kweli, nilitoka na mke wangu na watoto watatu, wote ndani ya masweta, kwenda gadeni moja nje kidogo ya mji. Jina lake siliandiki. Nilikuwa nimeambiwa na watu wawili watatu kwamba pale kuna sehemu ya familia na kwamba kuku wao wanachinjwa na Muislamu. Watoto wakaenda kwenye bembea. Tukaletewa menyu. Kabla sijaagiza, nikamwomba mhudumu anionyeshe mpishi, na mpishi akaja mwenyewe, kijana wa Kinyakyusa mwenye adabu sana, amejifunga aproni. Nikamuuliza kuhusu kuku. Akasema, "Kuku hana shida, mwalimu, anachinjwa na mzee wa Kiislamu hapo sokoni." Nikamuuliza, "Na chipsi?" Akanyamaza kidogo, akatazama nyuma, akasema, "Nisikudanganye, mwalimu. Karai ni moja. Tukimaliza kukaanga kitimoto tunakaanga chipsi, mafuta ni yale yale mpaka jioni."

Nilimshukuru, na nilimwambia mbele ya watoto wangu kwamba Allah amlipe kwa ukweli wake. Angeweza kusema uongo na asingejulikana. Sisi tulikunywa soda, watoto wakamaliza zamu yao ya bembea, tukaenda kula ndizi na nyama kwa mama mmoja wa Kiislamu Soweto, kwenye mabenchi ya mbao.

Zingatia, ndugu msomaji, ni wapi swali letu la kawaida linapokomea. Waislamu wa huku tumefundishwa kuuliza kitu kimoja tu: "Amechinja nani?" Tukijibiwa vizuri tunatulia na kuvuta kiti. Lakini viazi havichinjwi! Samaki hachinjwi. Mayai hayachinjwi. Na vyote hivyo vinaingia karai lile lile, vinageuzwa kwa kijiko kile kile, vinakatwa kwenye ubao ule ule. Nyama ya nguruwe imeharamishwa kwa maneno ya wazi ndani ya Qur'an zaidi ya mara moja, na kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu Afrika Mashariki tumeyakuta kwa wazee wetu, ni najisi nzito. Mafuta yaliyokaanga nyama hiyo yamenajisika, na kila kinachokaangwa ndani yake kimenajisika pamoja nayo.

Hili si jambo jipya lililoletwa na gadeni za siku hizi. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a) alimwendea Mtume (s.a.w) na tatizo hili hili letu la Mbeya na Iringa. Alikuwa akiishi katika nchi ya Ahlul Kitab, akauliza kuhusu kula katika vyombo vyao. Katika mapokezi ya Abu Daud amefafanua kabisa kwamba watu hao hupika nguruwe katika vyungu vyao na hunywa pombe katika vyombo vyao. Jibu la Mtume lilikuwa kwamba wakipata vyombo vingine watumie hivyo vingine, na wasipopata, basi wavioshe kisha wale ndani yake.

Ukiitafakari hadithi hii utaona pande zote mbili. Hakumwambia Abu Tha'laba ahame, wala asile na jirani zake. Na hakumwambia afumbe macho. Sahani inaoshwa, hata sufuria inaoshwa. Mafuta ya kitimoto huwezi kuyaosha.

Wapo watakaosema: mbona tuna ruhusa ya kutaja Bismillah na kula? Ni kweli. Bi Aisha (r.a) amesimulia, na iko katika Bukhari, kwamba watu walimwambia Mtume kuna watu wanawaletea nyama na hawajui kama ilitajiwa jina la Allah au la, akawaambia wao walitaje na wale. Lakini tazama waliokuwa wanaleta nyama hiyo: walikuwa Waislamu, wapya tu katika dini. Hadithi inaondoa wasiwasi pale ambapo asili ni halali na hujui lililofichika. Haiondoi jambo ulilolishuhudia au ambalo mpishi amekwambia kwa mdomo wake. Bismillah haigeuzi karai.

Vipi kuhusu pombe ya meza ya jirani? Jabir (r.a) amepokea kwamba anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho asikae kwenye meza inayozungushwa pombe. Hapa watu hugawanyika. Kuna anayesema meza ni ile ile unayokalia wewe, ya jirani haikuhusu. Kuna anayesema ukumbi wote ni kikao kimoja. Mimi naiona hivi, na anayeona vingine kwa dalili tutasikilizana: mahali ambapo biashara yake ni pombe, na chakula ni cha kumfanya mnywaji asiondoke, hapo ni baa, hata wakiweka bembea kumi. Muislamu hana la kufanya hapo. Ama hoteli ya chakula iliyo kando ya barabara kuu, ambayo msafiri kutoka Dar es Salaam ameteremka ana njaa tangu Mikumi, na kwenye kona kuna mtu ana chupa yake, huyo msafiri akikaa mbali, akala akaondoka, sioni wa kumlaumu. Tofauti ya hao wawili ni haja. Na safari ya matembezi ya sikukuu haina haja hiyo. Unakwenda kwa hiari yako, tena unakwenda na watoto.

Watoto ndio hasa. Mwanangu wa miaka saba, siku ile pale gadenini, aliniuliza kwa sauti kubwa, "Baba, yule anko anaumwa?" Alikuwa mtu wa makamo anayejaribu kusimama kutoka kwenye kiti na kushindwa, huku wenzake wakimcheka. Nilimjibu. Lakini nilijiuliza akiona hivyo mara ya kumi kama bado ataniuliza. Mtoto anaacha kuuliza pale anapozoea, na akishazoea hutajua, kwa sababu hatakwambia. Tunawafundisha madrasa kwamba pombe ni mama wa maovu, kisha siku ya furaha kuliko zote za mwaka tunawapeleka inakouzwa. Kati ya somo la ustadh na siku ya bembea, mtoto atakumbuka siku ya bembea.

Kuna jambo la adabu ya kuuliza ambalo kwa mikoa yetu siwezi kuliruka. Wengi mnakumbuka mwaka 2013. Februari mwaka huo, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje ulifikia watu kushambuliana na mchungaji mmoja akauawa. Mwezi Aprili moto huo huo ukawaka Tunduma, wakati ule ikiwa bado ndani ya mkoa wa Mbeya, kabla ya kuundwa mkoa wa Songwe mwaka 2016. Polisi walitumia mabomu ya machozi, maduka yakafungwa. Yote ni kwa sababu ya nyama. Kwa hiyo Muislamu anapoingia mgahawani na kuuliza kuhusu chakula kwa kelele, kwa dharau, akimfanya mhudumu ajione najisi, anagusa kidonda ambacho hakijapona vizuri. Kuuliza ni haki yako. Mwite pembeni, ongea taratibu, mshukuru akikujibu, hata jibu likikunyima chakula. Yule kijana mpishi alinieleza kweli kwa sababu niliulizwa mimi jina langu kwanza, nami nikamuuliza lake.

Na tusidhani kila pasipo petu ni pabaya. Pale Iringa mjini upo mradi wa Neema Crafts ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana, wa kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Mgahawa wake wahudumu ni viziwi. Mteja hujieleza kwa ishara au kwa maandishi, na watu huagiza na kuhudumiwa bila neno kutamkwa. Mimi humtaja kiziwi wa Neema darasani ninapofundisha somo la Maarifa ya Uislamu, tukifika kwenye Surat Abasa na habari ya Abdullah bin Ummi Maktum (r.a). Nawauliza wanafunzi: misikiti yetu ina watoto viziwi wangapi, na nani kati yetu anajua kuwasalimia? Swali hilo huwa halina wa kulijibu.

Swala nayo. Maghrib ya Mbeya mwezi Juni huingia baada tu ya saa 12 na nusu, yaani ndio wakati chakula kinaletwa. Sheria ni nyepesi hapo: chakula kikishawekwa na swala imekimiwa, anza na chakula. Lakini nyepesi haina maana ya kupotea. Ukienda mahali ambapo hakuna maji wala pembe ya kutandika mswala, na wakati wa Maghrib ni mfupi, ujue mtakula kwa gharama ya swala. Bora mtoke mapema, mle Alasiri. Na simu ziwekwe mfukoni. Nimeona familia imelipa fedha nyingi, imekaa meza moja, kila mtu ameinamia kioo chake. Hao wangeweza kufanya hivyo nyumbani bila nauli.

Yuko atakayeniambia: basi ustadh, tubebe pilau kwenye hotipoti twende tukakae porini, tuepuke yote. Ni wazo zuri na Iringa tunalifanya. Kwa shemeji zangu kule, sikukuu huenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, kwenye zile nguzo ndefu za udongo na zana za mawe za watu wa kale zilizogunduliwa mwaka 1951. Watoto huuliza nani alizichonga nguzo, na hapo hupatikana darsa bila kuitafuta. Wengine hupanda jiwe la Gangilonga kuutazama mji. Havina bia wala kitimoto. Lakini mke wangu ana neno lake kuhusu matembezi haya: anasema ni jiko lile lile lililopakiwa kwenye gari. Na ana haki, kwa sababu pilau halijipiki, na vyombo vikirudi havijioshi. Hadithi iko Bukhari, Bi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akasema alikuwa katika kuwahudumia ahli zake. Safari iliyopita ya Isimila tulipika sisi wanaume, mimi na shemeji. Akina mama walisema limekosa viungo, wakala mpaka likaisha.

Kwa mwenye uwezo mdogo hiyo inatosha, na mabenchi ya yule mama wa Soweto yanatosha. Lakini mji mkubwa kama Mbeya kukosa gadeni moja ya familia isiyo na pombe wala nguruwe ni aibu yetu wenyewe. Tusiwalaumu wenye baa. Wao wameona mtoto anataka bembea, wakaweka bembea. Sisi tumeona, tukaandika vikaratasi.

Na wateja tusidhani watakuwa Waislamu peke yao. Fikirini Wasabato, ambao huku ni wengi: hawanywi pombe, hawali nguruwe. Fikirini walokole na Wamoraviani wengi ambao baba hataki wanawe wamuone mlevi siku ya Jumapili. Hao wote leo wanakaa gadeni hizo hizo kwa kukosa pengine. Mahali penye jiko moja safi, karai lisilo na mashaka, kuku aliyechinjwa kisheria, maji ya udhu, chumba cha kuswalia, mabembea na bei ya mtu wa kawaida, hapo wote hao watakuja, na hakuna atakayemuuliza mwenzake dini. Tunduma ya 2013 ingekuwa na mahali kama hapo pa watu kuketi pamoja, sijui, huenda mazungumzo yangekuwa mengine.

Baada ya darsa ile tulibaki watu kumi na moja, wanne kati yao akina mama, tukalizungumza. Mmoja ana uzoefu wa kuendesha hoteli ya chakula, mmoja ni fundi wa vyuma na amesema mabembea atayachomelea kwa gharama ya vyuma tu. Tumekubaliana hisa ziwe ndogo ili hata muuza mitumba aingie, na mkopo wa riba usiguswe hata kidogo. Mpishi tunaye. Kiwanja ndicho hatuna. Mwenye eneo upande wa Uyole au Iyunga, la kukodisha kwa miaka mitano au zaidi na lenye maji, aonane na imamu wa msikiti wake amfikishie ujumbe huu. Na yule dada wa kikaratasi, kama anasoma hapa, yule mama wa Soweto hufungua hadi baada ya Isha, na jiko lake liko mbele ya wateja.